Mgeni wa Ijumaa Hadi Jumapili

"Hivi mwenzangu, mtu analala kwa watu usiku mbili tu, anaacha nini huko mpaka arudi nusu?"

Swali hilo aliliuliza jirani wa ghorofa ya chini, asubuhi moja, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. Aliyeulizwa alikuwa mshonaji, msichana wa miaka ishirini na sita, aliyerudi wiki hiyo kutoka nchi jirani, alikopelekwa na kiwanda chake kujifunza kukata makoti. Alikamua shuka lake, akalitundika kwanza.

"Nimeacha sindano," akasema.

"Sindano moja?"

"Moja tu, dada. Lakini nzuri."

Jirani akacheka. Mshonaji hakucheka. Alichokiacha huko hakikuwa sindano, na alikiacha kwa mkono wake mwenyewe.

Ilianza Ijumaa alasiri, kwenye stendi kuu ya mabasi ya mji ule wa ugenini. Chuo kilikuwa na utaratibu wake: wikiendi ya mwisho kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi mgeni anapelekwa kwa familia moja, akae nao Ijumaa hadi Jumapili, aone watu wanavyoishi. Mshonaji alishuka amevaa gauni la rangi ya haradali alilojishonea, marinda yamenyooka kama yamepigwa rula, na anaburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Stendi ilijaa. Watu wanasukumana, wapiga debe wanapayuka, honi haziishi. Karibu na nguzo alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, amepakaa grisi mpaka viwikoni.

"Kaka, samahani, nibebee hili mpaka kwenye meza ya wenyeji. Taratibu, lina mkasi mkubwa wa kukatia."

"Wa kukatia nini?"

"Midomo ya wapagazi wanaouliza maswali."

Kijana akalitia sanduku begani. Walipofika mezani, karani wa chuo akatazama orodha yake, akatia alama. "Vizuri, mmeshakutana. Mwenyeji wako ndiye huyo."

Aibu ikampanda mshonaji mpaka masikioni. "Kumbe wewe si…"

"Mimi ni fundi wa lifti," akasema kijana. "Kubeba ndiyo kazi yangu, ila nimezoea watu kumi kwa mpigo. Sanduku moja ni mapumziko."

Nyumbani kwao kulikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, mapazia yamefuliwa yananukia sabuni. Mama yake, muuguzi mstaafu mwenye miwani mikubwa, alifungua mlango kabla hawajabisha.

"Karibu mwanangu. Viatu acha hapo. Na hiyo aibu iache hapo hapo, humu ndani hatuna pa kuiweka."

Kulikuwa pia na dada mdogo wa fundi, mwanafunzi wa sekondari, waliyemwita Redio kwa kuwa hajui kuzimika. Chai ilikuwa haijapoa alipoanza.

"Dada, una mchumba?"

"Redio!" mama akamkemea.

"Mama, siulizi kwa ajili yangu. Kuna mtu namuulizia."

Fundi akapaliwa na chai. Mshonaji akampiga mgongoni mara mbili, na mkono wake ukachelewa kidogo kutoka pale. Mama aliona. Mama aliyeuguza watu miaka thelathini haoni kwa miwani peke yake.

Jumamosi asubuhi simu ya fundi ililia. Lifti ya jengo moja la ofisi imekwama, njoo upesi.

"Nisubiri, nitarudi saa tano," akamwambia mgeni.

"Nisubiri nifanye nini? Nimetoka kwetu kuja kuona watu wanavyoishi. Twende."

Fundi akachukua mfuko wake wa vifaa. "Kule juu hakupandi mtu."

"Basi mimi nitapanda."

Walipanda ngazi za ghorofa kumi na mbili, gauni la haradali mbele, ovaroli nyuma. Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, cha joto, kinanuka mafuta. Fundi aliweka kiganja juu ya mota, akafumba macho kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifua. Kisha akafungua kifuniko, akabadilisha kipande kidogo cha shaba, na nyaya zikaanza kwenda.

"Unaona lile bamba zito linaloshuka?" akasema. "Lifti ikipanda, lenyewe linashuka. Kila siku wanakutana katikati, wanapishana."

"Hawasimami hata kusalimiana?"

"Wakisimama, ujue kuna hitilafu."

"Ningekuwa mimi ningeomba hitilafu," mshonaji akasema, kisha akajifanya anatazama dirisha.

Jioni, jua lingali juu ya mapaa, walikwenda kutembea kwenye daraja la mtoni. Fundi alitembea akigongagonga ukingo wa daraja kwa funguo zake. Mwisho akasema, "Ukishaondoka, nikikupigia utapokea, mpenzi?"

Neno lile lilimtoka bila ruhusa. Wote wawili walilisikia, wakaliacha likae.

"Nitapokea hata nikiwa na sindano mdomoni," akajibu.

Usiku ule mshonaji aliomba akiwa amepiga magoti kando ya kitanda cha ugenini, na katika maombi yake alitaja jina ambalo juzi hakulijua. Mungu alimsikia, bila shaka. Lakini Mungu hamshiki mtu mkono anapoandika.

Jumapili, baada ya ibada, mama alileta daftari lenye jalada gumu. "Kila mgeni wangu huniandikia hapa, na namba yake ya simu. Andika mwanangu, wakati fundi wetu anatafuta teksi."

Mshonaji akafunua kurasa za nyuma ili ajue wenzake waliandikaje. Ukurasa wa kwanza, msichana mmoja: *Asante kwa jioni ya darajani, sitaisahau.* Wa pili, msichana mwingine: *Mwambieni fundi wa lifti kwamba moyo wangu umebaki darajani.* Wa tatu, wa nne, darajani, darajani. Wengine walichora na maua.

Akahisi kama mtu aliyenunua kitambaa akidhani ni kipande cha mwisho, kumbe nyuma ya duka kuna marobota. Mimi ni wa tano, akajisemea. Na wa sita atakuja na kozi ijayo.

Angeweza kuuliza. Mama alikuwa jikoni, hatua sita tu, anamfungia chakula cha njiani. Redio angemwambia yote hata bila kuulizwa. Hakuuliza. Aliandika shukrani mistari miwili ya heshima, kisha namba yake, na alipofika tarakimu ya mwisho, ambayo ni nane, akaandika tatu.

Stendini, fundi alimpandishia sanduku. Gurudumu bovu alikuwa amelitengeneza alfajiri.

"Nitapiga kesho, mpenzi."

"Piga," akasema, na akatazama mbele mpaka basi likaondoka.

Kesho yake fundi akapiga. Ikapokelewa na mzee mwenye kikohozi.

"Namtafuta mshonaji, baba. Msichana mwenye gauni la haradali."

"Hapa nipo mimi na paka, mwanangu. Na hatuna gauni."

Akapiga tena Jumanne, akidhani mitambo imekosea. Jumatano mzee akamwambia, "Amekosea kuandika huyo. Haraka za safari. Usikate tamaa." Ikawa kila wiki wanaongea. Chuoni fundi alifukuzwa dirishani mara tatu, orodha za wanafunzi hazitolewi ovyo. Mwezi wa nane tangu simu ya kwanza, karani yule wa stendi, mtu wa huruma, akamnong'oneza jina la kiwanda.

Fundi akavuka mpaka, akamkuta saa saba mchana, kwenye chumba cha kukatia, meza ndefu na vumbi la pamba. Mshonaji aliinua kichwa, mkasi ukabaki wazi.

"Wewe dada," fundi akasema, akitabasamu, jasho linamtoka, "tarakimu moja tu! Umenifanya nipate baba mpya. Mzee yule sasa anataka nimpelekee mke nitakayemwoa, amwone. Mama naye amefunga daftari lake. Anasema hapokei mgeni mwingine mpaka wewe urudi."

"Daftari," mshonaji akasema polepole. "Wale wasichana wa darajani."

"Wasichana gani? Ah! Mama ndiye hunituma. Kila mgeni, Jumamosi jioni, lazima nimpeleke darajani. Ni amri. Nikikataa hanipi chakula. Lakini chumba cha mashine, hata Redio hajawahi kupanda. Ulipanda wewe peke yako."

Mshonaji akashika ukingo wa meza. Alipogeuka, koti la kazi lilifunguka, na fundi akaona kile ambacho meza ilikuwa imekificha: mimba ya miezi mitano.

"Nimeolewa," akasema. "Miezi sita sasa. Ni mtu mwema."

Tabasamu la fundi lilikuwa bado usoni, limesahaulika pale. "Basi ni ile tarakimu," akasema mwishowe. "Ungeandika polepole kidogo tu. Simlaumu mtu. Ni bahati mbaya."

Hapo mshonaji angeweza kumwachia imani hiyo. Angeinamisha kichwa tu, na mtu yule angekwenda zake na uchungu mdogo. Lakini alikuwa amelelewa asiseme uongo, na uongo mmoja aliousema maishani, wa tarakimu moja, ulikuwa umesimama mbele yake umevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Sikukosea," akasema. "Niliijua. Niliandika tatu kwa makusudi."

"Kwa makusudi?"

"Nilisoma daftari. Nikaona mimi ni wa tano."

"Na mimi nilikuwa nje natafuta teksi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungeniita."

"Ndiyo. Ningekuita."

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume mnene mchangamfu, kofia ya kazi kichwani, ndiye dereva wa gari la mikate, mume wa mshonaji. Kila siku saa hiyo humletea chakula.

"Mama watoto! Oh, una mgeni?"

"Ni…" mshonaji akafunga mkasi. "Ni mwenyeji wangu. Wa kule chuoni. Wale walionilaza."

"Nini! Ndiye fundi wa lifti?" Dereva akaweka bakuli chini, akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili. "Karibu, ndugu yangu! Amenihadithia, mama yenu, Redio, kila kitu. Kila nikimuuliza siku nzuri maishani mwake, ananitajia kwenu kabla ya harusi yetu! Sikiliza, huondoki. Leo ni Ijumaa. Mlimlaza siku mbili, na sisi tunakulaza siku mbili. Godoro lipo jipya, la mtoto, bado kwenye nailoni. Mke wangu, mwambie akae. Wewe atakusikia."

Mshonaji akafungua kinywa. Mkono wa fundi ulikuwa bado ndani ya mikono ya mumewe. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Fundi akauchomoa mkono wake taratibu, akainamisha kichwa kumpa heshima yule mume, akafungua mlango, akatoka.