Mkwe Akishika Chaki

Babu alikuwa seremala, na kwa randa hakuwa na mpinzani. Kusoma tu ndiko kulikomtoa jasho. Kila alasiri mke wa mwanawe alitundika ubao sebuleni, akamfundisha.

Babu alikuwa na haraka. Alisoma silabi ya kwanza, zilizobaki akabahatisha.

"Ku... kulima," alisema.

Ubaoni paliandikwa kulala.

"Ndiyo, baba," mkwe alijibu, macho chini. Angemkosoaje baba mkwe?

"Nimeiva," babu alimtambia jirani yao, muuguzi. "Sikosei hata neno."

"Hata moja? Basi wewe si mwenzetu," muuguzi akacheka.

Asubuhi moja mjukuu alibanwa na kikohozi. Babu akachukua chupa rafuni, akaisogeza machoni.

"Dawa ya ku... kunywa."

Akamimina kijikoni. Mkwe alikuwa mlangoni. Chupa ile aliijua: dawa ya kupaka. Ulimi ulimwia mzito. Kijiko kikakaribia mdomo wa mtoto.

"Baba, hapana."

Akakidaka. Dawa yote ikamwagika mkekani.

Babu akafura. "Leo unaninyang'anya kijiko nyumbani kwangu?"

Muuguzi alisikia, akaingia. Alinusa chupa, akamkagua mtoto mdomoni.

"Hajaonja hata tone. Hii ni ya kuchulia misuli. Ikinywewa ni sumu."

Babu akaketi. Akampakata mjukuu.

"Mbona kila siku unaniambia ndiyo?" alimuuliza mkwe.

"Nimwambieje baba mkwe kwamba amekosea?"

"Akikufundisha unamwitaje?" muuguzi alimuuliza babu.

"Mke wa mwanangu. Nimwiteje tena?"

"Mwite mwalimu. Mwalimu ni yeyote anayekufundisha, hata akiwa mdogo kwako. Anayefundisha kushona ni mwalimu. Wa timu ya mpira, mwalimu. Ukimwita hivyo, umempa ruhusa ya kukukosoa."

Kesho yake kikohozi kilikuwa kimepungua. Dawa za kupaka zilihamia rafu ya peke yake. Babu akakaa mbele ya ubao.

"Ku... kupika."

"Sivyo, baba. Soma mpaka mwisho."

Babu akazifuata herufi kwa kidole. "Ku-pa-ka. Kupaka, mwalimu."

"Hapo sawa."

Babu akashusha pumzi, akatabasamu. "Na chai yangu je, mwalimu?"

"Mwalimu hapiki chai," alijibu akifuta ubao. "Msubiri mkweo."