Sauti ya Kuoliang

Kila asubuhi kabla ya shule, Peishan alikunywa maziwa yake ya soya huku akimsikiliza baba yake bafuni, akisukutua kwa maji ya chumvi na kuinyoosha sauti. Mvua ya Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, iligonga madirisha, lakini sauti ile iliishinda. Baba huyo, Kuoliang, alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Nanga Nyeusi. Aliianzisha yeye na mpiga ngoma Wenho miaka ishirini nyuma, katika ghala la rangi za meli, na nyimbo zao zilijulikana mpaka Taipei.

Baada ya Mwaka Mpya, sauti ilianza kukwaruza. Kuoliang alisema ni baridi tu, akaendelea na sigara na tambuu zake. Asubuhi moja Peishan akaona damu kwenye sinki.

"Ni wekundu wa tambuu," baba yake alisema. Peishan alijua hajatafuna tambuu tangu jana. Kuoliang akaliona hilo usoni mwake, akashusha sauti. "Usimwambie mama yako. Akijua, atanizuia kuimba kwenye onyesho la miaka ishirini. Iwe siri yetu, mwanangu."

Peishan, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alijiona mkubwa kwa kuaminiwa hivyo. Akakubali. Wenho alipomuuliza kama baba yake ni mzima, kwa kuwa mazoezini alikuwa akizikwepa sauti za juu, Peishan alimtazama machoni akajibu kwamba ni mzima kabisa. Miezi minne ikapita.

Onyesho lilifanyika mchana wa Jumapili. Katika wimbo wa tatu Kuoliang alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akakohoa, na fulana yake nyeupe ikaingia madoa ya damu. Watu waliendelea kuimba bila yeye, wakidhani ni mbwembwe za jukwaani, hadi Wenho alipoacha ngoma na kumkimbilia.

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. Ilikuwa saratani ya kikoromeo, na kikoromeo chote, pamoja na nyuzi za sauti, kingeondolewa. Angeletwa miezi minne mapema, alisema, huenda tiba ya mionzi ingetosha.

Kabla ya upasuaji Kuoliang aliwaita mke wake na binti yake kwa majina, kwa mnong'ono. Hawakuisikia tena sauti yake.

Peishan alimweleza mama yake yote. Mama alilia, hakumgombeza. Kisha Peishan akamwendea Wenho kwenye benchi la nje, akamweleza naye.

"Nilikuuliza, ukanidanganya," Wenho alisema. "Lakini hata mimi nilisikia anakwaruza, nikajifanya sisikii. Nililitaka lile onyesho."

Kuoliang alirudi nyumbani akiwa na tundu shingoni la kupumulia na ubao mdogo wa kuandikia. Wiki ya pili, Peishan alipompelekea uji, alimkuta anatetemeka kwa homa, ngozi imewaka kuzunguka tundu. Kuoliang aliweka kidole midomoni na kutikisa kichwa. Hakutaka kurudishwa hospitalini.

Peishan aliweka bakuli chini. "Nisamehe, Baba," alisema, akaenda moja kwa moja kumwita mama.

Kidonda kilikuwa kimeingia vijidudu, kikatibiwa mapema. Siku mbili Kuoliang hakumtazama binti yake. Siku ya tatu alipigapiga kitanda kwa kiganja, ishara kwamba aketi, akaandika taratibu, akifuta na kuandika tena.

"Wa kwanza kukosea ni mimi. Nilimbebesha mtoto uongo wangu, kwa sababu niliogopa kuacha kuimba. Sasa siimbi, na mama yako nusura awe mjane. Mtu yeyote akikuomba ufiche ugonjwa wake, mkatalie. Mkatalie hata akiwa baba yako. Atakukasirikia, lakini atakuwa hai."

Peishan alisoma hadi mwisho, akaupeleka ubao jikoni ili mama naye asome.