Homa Iliyogoma Kushuka

Siku hizo kazi zilikuwa motomoto. Mama Pacha alishona sare za shule sebuleni. Uani, mumewe alichomelea madirisha ya chuma. Watu walimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa mdomo wake usiotulia. Akimaliza dirisha, aliita majirani waje walishangilie.

Ghafla kikohozi kikamwangusha. Zahanati walisema ni nimonia, wakampa vidonge vya antibiotiki. Akavimeza kama alivyoelekezwa. Siku zikapita. Mama Pacha akamgusa paji la uso. Bado moto!

"Baba Pacha, mbona homa haishuki?"

"Dawa inachelewa tu. Vile vidonge vyangu vya mwaka jana viko kabatini. Niletee nichanganye..."

"Thubutu!"

Cheche akataka kumtania. Pumzi ikamkatikia katikati ya neno. Hapo Mama Pacha akapata hofu. Akatoka mbio hadi kwa jirani yake muuguzi, aliyekuwa akianika nguo.

Muuguzi akaziacha nguo kwenye beseni. Alipofika, akatazama kifua cha mgonjwa kinavyopanda na kushuka.

"Shemeji, ukivuta pumzi unaumia?"

"Mbavu... zinachoma."

"Dawa ikifaa, siku mbili tatu mtu huanza kupata nafuu. Wewe homa imegoma, unahema mbio, na unazidi kulegea. Huenda bakteria wamekuwa sugu."

"Yaani mwili wangu umeizoea dawa?"

"Si mwili wako. Ni bakteria walioizoea, haiwaui tena. Lakini kwa macho hatuwezi kujua. Huenda ni ugonjwa mwingine, hata kifua kikuu. Makohozi yapimwe. Twendeni hospitali sasa hivi!"

Mama Pacha hakuuliza la pili. Alisimamisha gari la kwanza lililopita, wakampakia Cheche, huyoo!

Hospitalini wakampa oksijeni, wakampiga picha ya kifua, wakachukua makohozi. Wakampa dawa nyingine kwa mshipa huku wakisubiri majibu. Mama Pacha alikaa kwenye benchi. Kila mlango ukifunguka, anasimama.

Hatimaye daktari akatokea akitabasamu. "Tumewajua! Ni bakteria sugu kweli. Na tumepata dawa inayowaweza."

Mama Pacha akapiga vigelegele wodini. Wagonjwa wakacheka.

Mama Pacha akamsimulia daktari habari za vidonge vya kabatini. Daktari akamgeukia Cheche. "Vile vidonge vya mwaka jana vilibakije?"

"Nilipata nafuu, nikaacha."

"Usiache dawa bila kuniuliza. Usinunue antibiotiki bila kupimwa, wala usimpe mwenzako. Kutumia dawa ovyo ndiko kunakowapa bakteria usugu."

Homa ikashuka. Cheche akarudi nyumbani kwa miguu yake, akapeleka vidonge vya zamani kwa mfamasia vikateketezwe.

Baadaye kidogo, mteja alikuja kuchukua sare, amembeba mwanawe.

"Anatumia antibiotiki ya zahanati," alisema, "lakini homa iko palepale. Na tazama anavyohema. Nimpeleke hospitali kesho?"

Mama Pacha alikuwa ameshasimama, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Kesho ya nini, mwenzangu? Mshike vizuri, tunakwenda!"

Wakashika njia, karibu wanakimbia. Daktari akamsikiliza mtoto kifua, kisha akawatazama wale wanawake wawili wanaotweta.

"Mmewahi," alisema. "Mmewahi kabisa!"