Jina la Shangazi Ukutani

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, msichana mmoja wa darasa la saba alipitia kwenye mashine ya kusaga nafaka alikofanya kazi shangazi yake. Alishika mdomo wa gunia wakati shangazi akimimina unga, kisha akalifunga kwa kamba. Alikuwa na mabega mapana na mikono ya nguvu, na wenzake walimwita Tingatinga. Zamani jina hilo lilimliza. Tangu aanze kutupa tufe, aliliitikia kwa furaha.

Shangazi naye alikuwa na jina lake: Bingwa. Alipokuwa na miaka kumi na minne, alitupa tufe la kilo tatu umbali wa mita kumi na moja na sentimita arobaini na mbili, na jina lake likaandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya shule. Baadaye akawa bingwa wa taifa miaka saba mfululizo. Alipanda ndege, akasimama jukwaani na medali shingoni huku wimbo wa nchi yake ukipigwa. Kisha bega la kulia likachanika, na mkono ule haukunyanyuka tena kupita sikio. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtoto aliyeifikia rekodi yake ya pale ukutani.

Mpaka Jumatatu moja. Katika mashindano ya madarasa, Tingatinga alitupa mita kumi na moja na sentimita sitini.

"Umesikia, mzee wangu?" shangazi alimwambia kila mteja. "Huyu hapa amenishusha! Ijumaa mchoraji anakuja kunifuta."

"Na wewe unacheka?" mteja mmoja aliuliza.

"Nilie kwa nini? Miaka yote hii nimebandikwa pale peke yangu kama mjusi!"

Jumatano, mwalimu wa michezo alimruhusu Tingatinga aende na tufe akafanye mazoezi nyumbani. Alipopita kwenye mashine, shangazi alikuwa nyuma akifagia pumba. Kwa mchezo tu, msichana akaliweka tufe kwenye mizani.

Kilo mbili na gramu mia sita.

Akaliondoa, akaipangusa sahani ya mizani, akaliweka tena. Mbili na mia sita.

Tufe lile lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea baada ya lile la zamani kupotea. Alikuwa ameunganisha vipande viwili vya chuma na kujaza ndani mchanga na vyuma chakavu. Tingatinga aliligeuza taratibu. Kwenye mshono palikuwa na tundu dogo kama la sindano, na mchanga mwembamba ukamdondokea kiganjani. Ndiyo maana kola ya sare yake ilijaa mchanga kila baada ya mazoezi!

Kesho yake alimnong'oneza rafiki yake waliyekaa naye dawati moja.

"Kwani wewe ndiye uliyelitoboa?" rafiki aliuliza.

"Hapana."

"Basi nyamaza. Wote mlitupa tufe hilo hilo."

"Wote, isipokuwa shangazi," Tingatinga alijibu.

Jioni alimkuta shangazi akipiga pasi suti yake ya zamani ya timu ya taifa, aivae siku ya kufutwa. Alikuwa akiimba.  Tingatinga akaingia chumbani, akapiga magoti kusali. "Mungu wangu, nakushukuru kwa..." Akakwama hapo. Angewezaje kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho Mungu alijua hakumpa?

Ijumaa wanafunzi walijaa mbele ya ofisi. Shangazi alisimama mbele kabisa, suti imembana tumboni, uso unang'aa. Mchoraji akapanda juu ya kigoda na kuanza kukwangua rangi kwa msasa. Herufi ya kwanza ya jina ikatoweka.

"Fundi, subiri!" Tingatinga aliita. "Usimfute shangazi. Lile tufe ni jepesi. Nililipima."

 Mwalimu wa michezo akaagiza mizani ya jikoni. Walipoona namba, akashika kichwa. "Kosa ni langu. Sikuwahi kulipima hata siku moja."

"Kumbe Tingatinga la plastiki!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Wengine wakacheka. Shangazi akageuka akawatazama, na kicheko kikakatika.

Kisha akamsogelea msichana. "Umejua tangu lini?"

"Jumatano."

"Siku mbili umebeba jambo hili peke yako? Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa umefurahi mno, shangazi. Niliogopa."

 Shangazi alimvuta kwa mkono wa kushoto, akamkumbatia mbele ya shule nzima, na msichana akalia mpaka kwikwi zikamwisha.

Mchoraji akairudisha ile herufi. Fundi wa kuchomelea akaongeza vyuma ndani ya tufe, akaziba tundu, na safari hii mwalimu akalipima: kilo tatu kamili. Jumanne iliyofuata Tingatinga alitupa mara sita. Mtupo wake bora ulikuwa mita kumi na sentimita thelathini na nane. Akainamisha kichwa.

Ndipo shangazi, ambaye tangu aumie bega hakuwahi kukanyaga tena duara la kutupia, akaingia na kusimama kando yake.

"Kocha wangu alikuwa akipima tufe kila asubuhi mbele ya macho yangu," alisema. "Nilidhani haniamini. Kumbe alitaka mimi mwenyewe niuamini mtupo wangu. Ungenyamaza, ningebaki kukupigia makofi tu, maana ningekufundisha nini na umeshanipita? Leo najua umebakiza mita moja na sentimita nne kunifikia. Uongo ungenipa furaha ya siku moja, mwanangu. Ukweli wako umenipa mwanafunzi."

Akaliokota tufe kwa mkono wake mzima, akalipangusa vumbi, akamkabidhi.

"Haya, rudi nyuma ya duara. Goti la kulia likunje zaidi."