Bomba la Chini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mbishi alikinga maji ndoo mbili kwenye tangi la bibi yake. Tangi hilo la bati lilikaa juu ya matofali nyuma ya jiko, nalo lilikuwa na mabomba mawili. Bomba la juu lilikuwa la kila siku. Likianza kukoroma na kutoa matone, watu wa nyumba ile walijua maji yamepungua, basi hakuna kufua ovyo. Bomba la chini lilikuwa la kiangazi. Halikuwa na kishikio, kwa kuwa kishikio chake kilifungwa kwenye pindo la nguo ya bibi, na bibi hakuivua nguo hiyo ila kwa kuoga.

Mwaka uliopita, bibi alipokuwa bafuni, Mbishi alikichukua kishikio. Mvua zilikuwa zimekwisha juzi tu na tangi limejaa pomoni. Akafungulia maji, yeye na wenzake wakateleza kwenye tope hadi makalio yakawa mekundu. Kiangazi kilipofika, tangi likawa tupu kama ngoma. Wiki tatu nzima Mbishi alichota maji ng'ambo ya mji, shingo imemkakamaa kwa ndoo. Bibi hakumpiga. Alimwambia tu, "Teleza tena, mjukuu wangu."

Njia ya kwenda shule ilipita kwenye kizuizi cha ushuru. Malori yaliyobeba mawe kutoka machimboni yalisimama pale na kulipa ushuru wa serikali ya jimbo. Zamani Mbishi alihesabu malori arobaini kabla ya kengele ya shule. Sasa ujenzi wa majengo makubwa ulikuwa umekwisha, mawe hayana mnunuzi, na akihesabu sana aliona saba. Mlinzi wa kizuizi alikuwa anasinzia, kuku anampita miguuni bila kulipa kitu.

Alhamisi moja alimpeleka mdogo wake kliniki. Mtoto huyo alikuwa na pumu, na kifua kilipobana, alivutishwa dawa ya mvuke kwa mashine katika chumba cha watoto. Siku hiyo muuguzi alimhudumia. Alipomaliza akasema, "Mwezi ujao hiki chumba kinafungwa. Ushuru umeshuka, jimbo limepunguza matumizi. Itabidi mumpeleke hospitali kuu."

"Hospitali kuu ni saa mbili kwa gari," alisema Mbishi. "Kifua kitasubiri?"

Muuguzi akatazama chini. "Jumamosi kuna kikao cha maoni ya bajeti ukumbini. Ila huwa wanasema wakubwa."

"Mlangoni wameandika hivyo?"

"Hawajaandika."

"Basi nitakwenda."

Alipomweleza bibi, bibi aliendelea kuchambua mchele. "Nenda," akasema. "Lakini oga kwanza. Mtu mbishi na mchafu hasikilizwi mara mbili."

Jumamosi walikwenda pamoja, mdogo wake akiwa katikati. Mhazini wa jimbo, mzee mwenye miwani na sauti ya upole, alisoma makadirio. Chumba cha watoto kimeondolewa. Vitabu vya shule vimepunguzwa nusu. Mnara wa saa kwenye geti la ofisi za jimbo, sehemu ya pili, utaendelea.

"Ndugu zangu," akasema, "mapato ya ushuru ni kama mvua. Hatuna la kufanya."

Mbishi akanyoosha mkono. Bwana mmoja wa mbele akageuka. "Kaa chini, mtoto. Hapa hapagawiwi peremende."

"Najua, mzee. Zingekuwapo ungekuwa umeshamaliza."

Watu wakacheka, na mwenyekiti wa kikao, mama mnene mwenye rungu la mbao mezani, akasema, "Mwacheni aseme."

Mbishi alisimama.

"Mheshimiwa mhazini, umesema mapato ni kama mvua. Sisi nyumbani tuna tangi la mvua. Lina bomba la juu na bomba la chini. La chini halifunguliwi mpaka kiangazi." Bibi alikuwa anamtazama. "Mwaka jana mimi niliiba kishikio nikalifungua, nikachezea maji. Kiangazi tukateseka, na kosa lilikuwa langu, si la mvua. Mwaka juzi malori yalikuwa arobaini kila asubuhi. Niliyahesabu. Ule ushuru ulikwenda wapi?"

Mhazini akapekua karatasi zake.

"Serikali si tangi, binti," alisema mhazini.

"Ndiyo, mheshimiwa. Tangi letu lina bomba la chini."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mdogo wake akakohoa, na kikohozi chake kikasikika hadi mlangoni. Mhazini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tuliona malori mengi," akasema taratibu, "tukadhani yatapita hivyo siku zote. Tukaanza mnara. Hatukuweka kitu pembeni. Mtoto amesema kweli."

"Basi mnara usubiri," akapaza sauti mama mmoja wa nyuma. "Saa ninayo mkononi."

Baada ya wiki mbili bajeti iliyorekebishwa ilipitishwa. Mnara ulisimamishwa na chumba cha watoto kikabaki wazi. Tena iliandikwa kuwa, kila mwaka ushuru ukizidi kiwango cha kawaida, sehemu ya ziada itawekwa akiba, isiguswe mpaka mapato yashuke.

Jioni ile bibi alimwita Mbishi nyuma ya jiko. Akafungua pindo la nguo yake, akamwekea kishikio kiganjani.

"Mimi, bibi? Mimi niliyekiiba?"

"Wewe uliyekiri mbele ya ukumbi mzima. Sikiliza, mjukuu wangu. Mwaka mzuri si wa kuutapanya, ni wa kuuwekea akiba mwaka mbaya. Iwe tangi, iwe nyumba, iwe jimbo, ni hivyo hivyo. Na anayetaka kumwambia mwenzake kosa lake, aanze kwa kusema lake mwenyewe. Hapo hakuna wa kumwambia akae chini."

Mbishi akakifunga kishikio kwenye pindo la sketi yake, mafundo mawili.

"Na wakilifungua lile bomba la jimbo wajengee mnara?"

"Utafanyaje?"

"Nitarudi ukumbini," alisema Mbishi. "Na malori bado nayahesabu."