Daraja la Ngozi

Wa kwanza kuigusa pua mpya ya msusi hakuwa mumewe, wala daktari, wala wifi yake, ambaye mikono yake haijatulia tangu azaliwe. Iliguswa mchana kweupe, msusi akiwa peke yake sebuleni, mlango umefungwa kwa ndani, mwenyewe ameegemea mito kama alivyoelekezwa hospitali.

Alidhani ni nzi. Alihisi kitu kwenye paji la uso, kinashuka taratibu. Akapunga mkono. Mkono haukukuta kitu, na kile kitu hakikuondoka. Kiliteremka mpaka mahali fulani kikatulia, kisha kikabonyeza mara mbili, polepole, kama mtu anavyobonyeza papai sokoni kuona kama limeiva.

Ndipo alipokumbuka maneno ya daktari, na nywele zikamsimama.

Mambo yalianza na kidonda kidogo kando ya tundu la pua. Mwaka mzima alikipaka krimu huku akisuka vichwa vya watu, mpaka alipoambiwa ni saratani ya ngozi. Haikuwa ya kuua haraka, lakini ilikuwa lazima ikatwe yote, na nusu ya pua ikaenda nayo. Sasa, msusi ni mtu wa kufanya kazi mbele ya vioo. Wateja waliozoea kumtazama kwenye kioo wakimsimulia vituko vya waume zao walianza kutazama sakafu, na mmoja mmoja wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Akawa wa barakoa asubuhi na jioni. Akawa anakula amewapa watu mgongo. Mumewe, fundi seremala, alimwambia mara mia kwamba yeye haoni tofauti, na mara zote mia alikuwa anatazama mbao. Msusi alitaka pua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika maisha yake, na hakuona aibu kusema hivyo.

Daktari wa kutengeneza pua alikuwa mtu mpole, tena wa maelezo.

"Nitachukua ngozi ya paji la uso wako," alimwambia, "lakini siibandui yote. Naigeuza ishuke iwe pua, mzizi wake ubaki hapa kwenye nyusi, ili damu iendelee kupita. Kwa hiyo utakaa wiki kadhaa na daraja la ngozi kutoka nyusi mpaka pua. Pua ikishapata damu yake yenyewe, nalikata daraja."

"Kwa hiyo nitakuwa tembo."

"Tembo mdogo. Na wa muda."

Kisha akampa makatazo. Asiiname. Asipenge kamasi. Akipiga chafya, apige mdomo wazi. Alale kichwa kikiwa juu. Na moshi, marufuku.

"Wa sigara, wa mkaa, wa ubani, wa aina yoyote. Moshi unabana mishipa ya damu. Daraja likikosa damu, pua inakuwa nyeusi na kufa, na paji la uso Mungu amekupa moja tu. Halafu kuna jambo linawatisha wagonjwa, nakuambia mapema. Ukiguswa pua, utahisi umeguswa paji la uso. Ngozi imehama, lakini mishipa yake ya fahamu bado haijapata habari. Miezi ikipita, itazoea."

Basi, yule aliyemgusa msusi pale sebuleni hakuwa amegusa paji la uso hata kidogo.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Lakini kesho yake ikaja harufu. Daktari alikuwa amemwonya kwamba kwa uvimbe ule hatanusa kitu kwa muda, na kweli hakuwa ananusa. Wifi yake alikuwa akiingia na yale marashi yake ya kufukuza mbu na msusi hasikii lolote. Hii aliisikia. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, anayoijua kila aliyewahi kusahau pasi ya nywele kichwani mwa mteja. Ilitangulia harufu, kidole kikafuata. Kikashuka, kikatulia, kikabonyeza mara mbili.

Jioni ile mumewe alikuja kumpaka mafuta ya dawa, kazi aliyoifanya kwa uangalifu kama anayepiga vanishi kabati la wateja. Akasita, kijiti kikiwa hewani.

"Umejishika?"

"Sijajishika."

"Mbona kuna mfereji?"

Akamletea kioo. Kwenye mafuta mazito ya asubuhi palikuwa na alama iliyoteremka kutoka juu ya pua hadi ncha, na pale kwenye ncha vishimo viwili. Fundi seremala, ambaye vipimo ndiyo maisha yake, alisogeza kidole gumba chake karibu na alama ile bila kuigusa. Gumba lake lilikuwa la kupigia misumari, pana kama kijiko. Alama ilikuwa pana zaidi.

"Hiki si kidole cha mtu wa humu ndani," alinong'ona.

"Punguza sauti."

"Kwani anatusikia?"

Msusi akamziba mdomo kwa kiganja. Harufu ilikuwa imerudi.

Wifi mtu, waliyemwita Redio kwa kutojua kunyamaza, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kabla ya mchana wa kesho yake alikwisha kumleta mganga, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, mkoba begani, anayeongea kama karani wa benki. Akatoa chetezo na makaa. Msusi alipiga kelele mpaka kikombe kikamponyoka Redio.

"Hapana! Moshi hapana! Pua yangu itakufa!"

"Wifi, roho na pua, bora nini?" Redio akauliza.

"Wewe unayo pua, unaweza kuuliza hivyo."

Mganga akakirudisha chetezo mkobani bila kukasirika. Alikaa akalitazama lile daraja la ngozi kwa muda mrefu, kisha akauliza lini litakatwa. Akaambiwa bado siku chache.

"Amechagua wakati wake," alisema chini chini. "Huyu ni jini wa njiani. Hakai kwenye kitu chenye mwenyewe. Hiyo nyama imeshaondoka ilikotoka na haijafika inakokwenda, kwa hiyo kwake ni nyumba isiyo na mwenyewe. Anaishika kila siku aizoeshe mkono wake. Na mimi nina moshi tu, dada. Bila moshi nimekuja kusalimia."

"Na likikatwa daraja?"

"Hapatakuwa na njia tena. Itabidi atoke, atafute njia nyingine. Lakini mwenye kisu lazima aambiwe, ajikinge kwa dua kabla hajakata. Asikate hivi hivi. Umenielewa?"

Msusi alitaka kuitikia, lakini harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa kooni, na safari hii hata Redio aliziba pua. Msusi akasema kwa sauti ndogo sana, "Yupo, ananigusa sasa hivi," na Redio na mganga wakainama kutazama, na wakaona, mchana ule ule, jua limejaa dirishani na watoto wa jirani wanacheza mpira nje, mafuta yaliyokuwa yamelala laini juu ya pua yakianza kugawanyika yenyewe, kuanzia kwenye nyusi, taratibu, yakisukumwa pembeni na kitu kisichoonekana kilichokuwa kinashuka bila haraka yoyote kama chenye haki zote, na kilipofika kwenye ncha kikatulia, na ngozi mpya ikabonyea, ikainuka, ikabonyea tena.

Redio akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Siku zilizobaki msusi alizimaliza akiwa macho. Hakuthubutu kulala, na hakuthubutu kukubali moshi, akawa anakaa kwenye mito yake anasubiri kushikwa, machozi yakimtoka, akiogopa hata kuyafuta asije akavuta nyuzi za mshono. Aliogopa jini na aliogopa kubaki bila pua, na ukweli ni kwamba hofu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa.

Siku ya kukata, alilazwa kitandani chini ya taa nyeupe. Sindano ya ganzi ilikuwa imeshaandaliwa.

"Kuna lolote unataka kuniambia kabla hatujaanza?" daktari aliuliza. "Usinifiche kitu."

"Daktari, kuna kitu kinanishika. Pua. Nikiwa peke yangu."

Daktari akacheka kwa upole. "Unahisi kwenye paji la uso, siyo? Nilikuambia. Ni mishipa ya fahamu tu."

"Hapana, kuna na alama, kuna..."

"Kama una homa au kuna uchafu unatoka, niambie, tuahirishe. Tusubiri wiki nyingine mbili tatu."

Wiki nyingine mbili tatu. Msusi akatazama ile taa. Angeweza kuendelea. Angeweza kumwita mumewe aliyekuwa nje ya mlango na kumwambia naye aseme alichokiona.

"Hapana," akasema. "Ni mishipa tu."

Ganzi ikaingia. Akausikia mkasi bila maumivu, na papo hapo harufu ya nywele zilizoungua ikapanda nzito kuliko siku zote. Daktari akaguna. Akaurudisha mkono wake wa kulia nyuma kwa ghafla na kuukung'uta, kama mtu aliyerushwa na shoti ya umeme.

"Nini, daktari?" muuguzi aliuliza.

"Hakuna kitu. Ganzi ya mkono tu."

Na kweli, baada ya siku ile msusi hakuguswa tena. Kovu la paji la uso likanywea, pua ikakaa. Alivua barakoa, akarudi mbele ya vioo vyake, na wateja wakarudi wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Mumewe alimtazama usoni akasema haoni tofauti, na msusi akamrushia taulo.

Miezi ilipopita aliitwa hospitali kuangaliwa kwa mara ya mwisho. Kwenye benchi nje ya chumba alimkuta mama mmoja kijana, daraja lake la ngozi bado bichi kati ya nyusi. Wakacheka pamoja habari za tembo.

"Dada, wewe umeshapita huku," yule mama alisema. "Kuna kitu natakiwa kujua?"

Msusi akamweleza yote: mito, chafya, kutoinama, moshi. Kisha akaitwa ndani.

Daktari alikuwa amekonda. Alimkalisha, akamulika taa, akasema kazi imekuwa safi. Akageuka kuzungumza na muuguzi kuhusu mgonjwa anayefuata, na akiwa bado anaongea, uso ameuelekeza kule, mkono wake wa kulia ukanyanyuka.

Kidole kikashuka juu ya pua ya msusi, taratibu. Mishipa ya fahamu ilikuwa imeshazoea. Kwa mara ya kwanza alikihisi pale pale kilipo. Kikafika kwenye ncha. Kikatulia. Kikabonyeza mara mbili. Chini ya harufu ya dawa ya kunawia mikono palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Daktari," sauti ilimtoka kwa shida, "mbona unanishika hivyo?"

Daktari akageuka. "Nimekushika? Bado sijakugusa." Kisha akaushushia macho mkono wake uliokuwa hewani, na uso wake ukawa wa mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

Msusi alitoka bila kuaga. Pale kwenye benchi alimshika yule mama mkono kwa nguvu.

"Usikubali akuguse."

"Nani? Daktari?" Yule mama alimshangaa. Kisha vidole vyake vikapanda polepole vyenyewe hadi kwenye paji la uso. "Dada... kwani na wewe ulikuwa unaguswa?"

Mlango ukafunguliwa. Daktari alisimama pale, akijitahidi kutabasamu, mkono wa kulia umeshikilia fremu ya mlango.

"Karibu, mama," alisema. "Zamu yako."

Na kile kidole kikaubonyeza ubao wa mlango mara mbili, polepole.