Yusta, Toka Kwenye Maji

"Yusta! Toka kwenye maji! Toka sasa hivi!"

Yusta aligeuka, chupa ya tope mkononi. Mchumba wake, Nyanda, alikuwa ametupa pikipiki ukingoni mwa bwawa, anahema kama aliyekimbia kwa miguu kutoka Ubaruku.

"Kuna mamba?"

"Hapana. Toka tu, nakuomba."

Wiki ya tatu hiyo Yusta alikuwa akiingia bwawani. Alitumwa kutoka Mbeya kupima kama mionzi ya machimbo ya majaribio ya urani inawadhuru viumbe wa bondeni. Alichukua maji, tope, kambale, vyura na mayai ya bata, akakadiria kila kiumbe kinapata mionzi kiasi gani. Hakuona cha kutisha, mpaka asubuhi hii alipofika kwenye matete upande wa mashariki. Kifaa chake cha kupimia mionzi kikaanza kulia, kikagoma kunyamaza.

Alitoka, buti zikichuruzika maji.

"Nyanda, unajua nini?"

Nyanda alikuwa dereva wa lori wa kampuni ya machimbo hayo. Badala ya kujibu, akampa simu. Ujumbe ulitoka kwa msimamizi wake, Sedekia:

"Mchumba wako anaelekea kwenye matete. Mtoe kabla hajapima. Akiandika, wa kwanza kukamatwa ni wewe."

Yusta akakaa kwenye nyasi.

"Ulimwaga nini mle?"

"Tope la mashimoni. Lori nne. Sedekia alisema ni udongo tu."

"Ukaamini?"

"Mwanzoni. Halafu nikaona wanaopakia walivyojifunika. Nikaogopa, nikanyamaza."

"Wiki tatu, Nyanda! Kila asubuhi unaniuliza nimelalaje, na unajua naingia wapi!"

"Ulikuwa upande wa magharibi. Nilijua hutafika huku..."

"Nina mimba."

Nyanda akamtazama tumboni.

"Miezi miwili. Nilitaka kukwambia Jumapili tukitoka kanisani. Na ng'ombe wa baba yako wanakunywa hapa. Umemwambia?"

"Bado."

Alinyoosha mkono amwinue.

"Usinishike."

Siku nne Yusta hakupokea simu za Nyanda. Mbeya walimpima damu, na beji ya kupimia mionzi aliyovaa kifuani ikapelekwa kusomwa. Kila tumbo lilipomkata, alidhani mimba inatoka.

Siku ya tano alisimama mbele ya mkutano wa kijiji.

"Kule kwenye matete kumemwagwa tope la machimbo; vyura na konokono wanapata mionzi kupita kiwango. Msivue samaki, msinyweshe mifugo."

"Tope hilo si letu!" Sedekia akadakia.

"Ni letu."

Watu wakageuka. Nyanda alikuwa amesimama nyuma.

"Nililimwaga mimi. Lori nne. Yeye ndiye aliyenituma."

Baba yake, mzee Makoye, aliyekaa mbele, hakugeuka kumtazama. Sedekia alinyanyuka aondoke, mgambo wakamzuia.

Yusta alimkuta Nyanda nje, akisubiri gari la polisi.

"Beji imesomwa. Nimepata kidogo sana. Daktari anasema hakuna sababu ya kuhofia mtoto."

Nyanda akachuchumaa, akalia waziwazi.

"Nisamehe, Yusta."

"Bado nakuogopa. Sijui unaweza kunyamazia nini kingine."

"Niulize chochote."

"Nitauliza. Wakikuachia, njoo Kilolo kwa wazazi wangu. Uwaambie mwenyewe, yote, nikiwa nimekaa hapo."

"Nitakuja."

Gari likafika. Askari alipofungua mlango, Yusta aliingia wa kwanza, akasogea ili Nyanda akae kando yake.